Maudhi, Madhara na Hatari: Uhakiki wa Istilahi za Dawa za Sonona na Mapigo ya Moyo

1. Utangulizi

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa liundwe mwaka 1967, mabishano mengi juu ya istilahi yamehusu asili ya maneno: neno litolewe katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, litafutwe katika lugha nyingine za Kibantu, au likopwe kutoka Kiarabu na Kiingereza. Mabishano hayo ni ya haki na hayana budi kuendelea. Walakini katika uwanja wa tiba swali la asili peke yake halitoshi. Yatupasa tuulize swali la pili, nalo ni hili: mgonjwa akilisikia neno hili, atafanya nini?

Katika makala haya tunakusudia kulitumia swali hilo kuhakiki kundi dogo la maneno, yaani yale yanayotumika kueleza jinsi baadhi ya dawa za kutibu sonona zinavyoweza kuyabadili mapigo ya moyo. Maneno tunayoyahakiki hayatoki katika kitabu kimoja. Ni maneno yanayosikika zahanatini, redioni na dirishani pa duka la dawa, na yanayosomwa katika vipeperushi na magazeti. Juu ya jina la ugonjwa wenyewe hatutakawia. Wako wasemao unyogovu, hasa nchini Kenya, na wako wasemao sonona. Sisi tunatumia sonona, kwa kuwa kitenzi chake kimekwisha kubeba maana ya maumivu ya ndani yasiyo na jeraha.

2. Dawa zenyewe na kazi yake moyoni

Haifai kuhakiki neno pasipo kukijua kitu. Imipramini, dawa ya kwanza ya kundi lake, ilielezwa na daktari wa Uswisi, Roland Kuhn, mwaka 1957. Ikafuatwa na amitriptilini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1961. Hizi huitwa dawa za pete tatu kutokana na umbo la molekuli zake. Kundi la baadaye, lenye fluoksetini, setralini na sitalopramu, huzuia serotonini isirudishwe upesi ndani ya seli za neva. Amitriptilini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Fluoksetini iliongezwa mwaka 2007. Kwa hiyo hatuzungumzii anasa za nchi tajiri. Aidha, amitriptilini hutolewa pia kwa maumivu ya neva na kwa kuzuia kipandauso, kiasi kwamba huenda mtu akaimeza miaka mingi pasipo kusikia neno sonona likitajwa.

Kila pigo la moyo hutanguliwa na umeme, unaotokana na chembe za chumvi kama sodiamu na potasiamu kuingia na kutoka katika seli kupitia milango maalumu. Dawa za pete tatu, hasa zikizidi kipimo, huizuia milango ya sodiamu, na umeme ukachelewa kuenea katika vyumba vya chini vya moyo. Ndiyo sababu kumeza vidonge vingi vya amitriptilini kwa mara moja ni jambo la kuua, na ndiyo sababu hospitali hutibu hali hiyo kwa sodiamu bikaboneti. Sitalopramu nayo huizuia baadhi ya milango ya potasiamu, na moyo ukachelewa kutulia baada ya pigo. Kuchelewa huko kukizidi, pigo jingine laweza kuzuka kabla ya wakati wake, na mapigo yakavurugika hata mtu akazirai au akafa ghafla.

Kwa dozi za kawaida, kwa mtu asiye na kasoro nyingine, mambo haya hutokea kwa nadra. Hatari huongezeka kwa wazee, kwa wenye ugonjwa wa moyo, kwa waliopungukiwa na potasiamu, kwa mfano baada ya kuhara na kutapika sana, na kwa wanaotumia pamoja dawa nyingine zenye tabia hiyohiyo. Jambo hili la mwisho lina uzito wa pekee kwetu, maana miongoni mwa dawa hizo nyingine zimo klorokwini na kwinini. Hata dawa mseto ya artemetha na lumefantrini, iliyoanza kuwa tiba ya kwanza ya malaria Tanzania Bara mwaka 2006, ina tahadhari ya namna hiyo katika maelezo yake. Malaria haina budi kutibiwa. Linalotakiwa ni mgonjwa aweze kumwambia mhudumu kwamba anatumia dawa ya sonona, na mhudumu aelewe kwa nini ameambiwa.

3. Moyo upi?

Kikwazo cha kwanza ni neno moyo lenyewe. Kwa msemaji wa Kiswahili, sonona ni ugonjwa wa moyo kabla haujawa ugonjwa wa kichwa. Aliyepatwa nao husema moyo wake mzito, moyo umekufa, amevunjika moyo, moyo unamuuma. Jamaa zake nao humwambia ajipe moyo. Mtu huyu akipewa vidonge na kuambiwa kwamba dawa hii inaweza kuathiri moyo, ataelewa nini? Kuuathiri moyo huo ndiko alikokufuata hospitalini. Onyo limegeuka kuwa ahadi.

Kosa hilo hutokea kwa upande wa pili pia. Mgonjwa akirudi na kusema, "Moyo unanienda mbio," mhudumu anaweza kuyachukua maneno hayo kuwa ni lugha ya hofu, ambayo kwa kweli huandamana na sonona mara nyingi. Tena wako wagonjwa wengi watakaosema, "Presha imenipanda." Neno presha limepanuka katika matumizi ya mitaani hata likameza shinikizo la damu, moyo kwenda mbio, kizunguzungu na ghadhabu. Mwenye kusema hivyo atapimwa shinikizo la damu, litaonekana la kawaida, na ataambiwa aende nyumbani akapumzike.

Je, hatuna neno la hali hiyo? Tunalo. Kamusi zetu zina kiherehere cha moyo, lakini kiherehere leo ni tabia ya mtu mwenye pupa ya kujiingiza katika yasiyomhusu, na hakuna mgonjwa atakayekubali kuandikiwa ugonjwa kwa jina hilo. Liko pia neno papa, kama katika usemi kwamba moyo unampapa mtu. Kitenzi hiki ni chetu, hutaja kile anachokihisi mtu kifuani, na hakijachakaa. Tunapendekeza kitoe jina mpapo wa moyo, litumike kwa hisia ya mgonjwa peke yake. Kama hisia hiyo imetokana na hofu, na homa au na dawa, hilo ni jambo la kupimwa baadaye.

4. Maudhi madogo madogo

Tunafika sasa kwenye usemi uliokita mizizi kuliko yote. Katika huduma za uzazi wa mpango, na baadaye katika huduma za dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, wananchi wa Tanzania wamezoeshwa kusikia kwamba dawa huwa na maudhi madogo madogo. Usemi huu una sifa yake na hatuna budi kuikiri. Uliwatoa watu hofu. Aliyepata kichefuchefu hakukimbilia kuziacha dawa, kwa kuwa alikwisha kuambiwa kwamba ni jambo la kuudhi tu, tena dogo, nalo litapita. Kwa kinywa kukauka, kwa usingizi wa asubuhi na kwa choo kigumu, ambayo ni mambo ya kawaida kwa mtumiaji wa amitriptilini, neno maudhi linatosha kabisa.

Kasoro huanza neno hili linapofanywa mfuko wa kutilia kila kitu. Kuudhi ni kumkera mtu, na hapana kero pasipo anayekereka. Kwa hiyo neno maudhi hukubali kwa siri kwamba mgonjwa atahisi kitu. Sasa tuangalie kile ambacho sitalopramu hukifanya moyoni. Moyo ukichelewa kutulia kwa sehemu chache za elfu za sekunde, mwenye moyo hahisi lolote. Haumwi, hachoki, halali vibaya. Jambo hilo huonekana katika karatasi ya mashine ya kupima umeme wa moyo, na kwingineko halionekani. Haliudhi hata kidogo, na huenda likaua. Kuliita udhi ni kulificha mara mbili: kwanza kwa kusema litahisiwa, pili kwa kusema ni dogo.

Wako waliotambua kasoro hiyo wakakimbilia neno madhara, na vipeperushi vingi sasa huandika "madhara ya dawa" juu ya orodha nzima, kuanzia kiu hadi kifo. Hapo tumeruka mkojo tukakanyaga kinyesi. Dhara ni hasara iliyokwisha kumpata mtu au itakayompata. Mgonjwa wa sonona, ambaye tayari anaona kwamba maisha hayana heri, akisoma ukurasa mzima wa madhara, ataacha kumeza dawa. Sonona isiyotibiwa nayo huua, na wengi wa inaowaua hufa kwa mikono yao wenyewe. Neno lililokusudiwa kumlinda mtu na kifo kimoja linakuwa limemsogeza karibu na kingine.

Wengine tena wamependekeza athari za pembeni au matokeo ya kando. Hizi ni tafsiri za sisisi ambazo hazimwambii Mswahili kitu. Pembeni mwa nini? Kilicho pembeni katika nyumba ni kile kisicho na haja ya kuangaliwa kwanza.

Mwaka 1972 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba jambo baya litokanalo na dawa ni lile lenye kudhuru, lisilokusudiwa, na linalotokea katika kipimo cha kawaida. Maelezo hayo yanataja mambo matatu ambayo Kiswahili kinaweza kuyatenga vizuri, kwa sharti la kukubali kutumia maneno manne mahali ambapo watafsiri walitafuta moja. Athari ni badiliko lolote litokanalo na dawa, jema au baya. Maudhi ni athari isiyokusudiwa inayohisiwa na kuvumilika. Madhara ni athari iliyouharibu mwili. Hatari ni uwezekano wa dhara ambalo bado halijatokea. Kurefuka kwa muda wa umeme wa moyo ni athari iliyo alama ya hatari. Si udhi, na wala bado si dhara. Lugha yetu ina maneno hayo yote manne tangu zamani. Kilichokosekana ni nidhamu ya kuyatumia.

5. Idadi na mwendo

Usemi mapigo ya moyo hutumika leo kwa vitu viwili: idadi ya mapigo kwa dakika, na jinsi pigo moja linavyofuata jingine. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna ubaya. Katika habari ya dawa za sonona kuna ubaya mkubwa. Amitriptilini huweza kuongeza idadi ya mapigo pasipo kuvuruga mwendo wake. Mtu mwingine anaweza kuhesabiwa mapigo 72 kwa dakika, akaambiwa yuko salama, ilhali mwendo wake umekwisha kubadilika.

Wapenzi wa ushairi wa kimapokeo wataielewa tofauti hii upesi. Mshororo wa mizani 16 hukatwa katikati, nane kwa nane. Mtu akitunga mshororo wenye mizani 16 kamili, lakini akaacha pumziko liangukie kwenye mizani ya saba, mhesabu atasema umetimia na msikilizaji atasema umeharibika. Wote wawili wamesema kweli: mmoja ameihesabu idadi, mwingine ameusikia mwendo. Hivyo tunapendekeza kasi ya mapigo kwa jambo la kwanza na mwendo wa mapigo kwa jambo la pili. Kuharibika kwa mwendo kuitwe mvurugiko wa mapigo. Neno hili liwe la kile kinachoonekana kwa kipimo, na mpapo wa moyo libaki kuwa la kile kinachohisiwa. Mpapo unaweza kuwapo pasipo mvurugiko, na mvurugiko pasipo mpapo. Daktari asiyekuwa na maneno mawili atashindwa kulieleza jambo hili kwa mgonjwa wake.

6. Herufi isiyo yetu

Mholanzi Willem Einthoven, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924, ndiye aliyeyapa mawimbi ya umeme wa moyo majina ya herufi: P, Q, R, S na T. Muda kuanzia mwanzo wa Q hadi mwisho wa T ni muda ambao vyumba vya chini vya moyo huamshwa na kutulia tena. Muda huo, baada ya kurekebishwa kulingana na kasi ya mapigo, ukivuka milisekunde 500, madaktari huuona kuwa wa hatari.

Alfabeti yetu haina Q, na huenda akatokea mtu wa kupendekeza tuandike KT. Tunalipinga wazo hilo mapema. Herufi hizi ni alama za kimataifa kama alama za kemia, na mgonjwa wa Tanga anayepelekwa Nairobi au Muscat lazima karatasi yake isomeke kotekote. Lakini neno linaloziandama herufi hizo ni letu, na hapo yatupasa kuchagua vema. Pengo la QT ni kosa, kwa kuwa pengo ni mahali pasipo kitu, na hapa moyo umo kazini. Umbali wa QT hutazama karatasi na kusahau kwamba kinachopimwa ni wakati. Muda wa QT ni sahihi na wazi. Kuhusu kitenzi, tuseme kurefuka panapoelezwa hali, na kurefushwa panapotajwa dawa iliyosababisha, maana Kiswahili hutofautisha kauli hizi mbili bila ya kuongeza neno.

Mwaka 1966 Mfaransa François Dessertenne aliueleza mvurugiko maalumu unaoweza kufuata kurefuka huko, na kuupa jina lenye maana ya msokoto wa ncha, kwa vile mawimbi yake karatasini huonekana kama kamba inayosokotwa. Kwa Mswahili, hata hivyo, msokoto ni ugonjwa wa tumbo. Akiambiwa juu ya msokoto wa moyo atangoja maumivu ya kunyonga, nayo huenda yasije. Tunapendekeza mvurugiko msokoto kwa matumizi ya wataalamu, na kwa wagonjwa itajwe dalili yenyewe: kuzirai ghafla, au mpapo unaofuatana na kizunguzungu.

7. Marufuku au haishauriwi?

Mfano wa mwisho unaonyesha kwamba neno la onyo nalo lina athari zake. Mwezi Agosti 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba sitalopramu isitumike kuzidi miligramu 40 kwa siku. Kipimo kilikuwa kimeonyesha kwamba miligramu 20 huurefusha muda wa QT kwa wastani wa milisekunde 8.5, na miligramu 60 kwa milisekunde 18.5. Waliozaliwa na kasoro ya muda mrefu wa QT walikatazwa dawa hiyo kabisa. Mwezi Machi 2012 tangazo likarekebishwa. Wenye umri wa kuzidi miaka 60 waliwekewa mpaka wa miligramu 20, na kwa wale wenye kasoro ya kuzaliwa, katazo likashushwa likawa ushauri, kwa sababu huenda yuko mgonjwa ambaye hana dawa nyingine ya kumfaa.

Ugomvi ulikuwa juu ya neno moja, na neno hilo lilibeba maisha ya watu. Uchunguzi wa kumbukumbu za maveterani wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2013, haukuona kwamba waliotumia zaidi ya miligramu 40 walipatwa na mvurugiko wa mapigo au vifo zaidi ya wengine. Mwingine, wa mwaka 2016, ulionyesha kwamba waliopunguziwa dozi baada ya onyo walilazwa hospitalini zaidi, wakiwamo waliolazwa kwa sonona. Hatusemi kwamba onyo lilikuwa bure. Tunasema kwamba onyo, kama dawa, lina kipimo chake.

Sasa tujiulize: matangazo hayo mawili yangefasiriwa kwa Kiswahili cha vipeperushi vyetu, msomaji angeiona tofauti? Kwa kawaida tungeandika "hairuhusiwi" mahali pa kwanza, na "hairuhusiwi" mahali pa pili, au "haifai" kote kuwili. Twahitaji ngazi iliyo wazi: marufuku, panapokuwa hapana ruhusa kabisa, haishauriwi, panapokuwa daktari aweza kuamua kwa sababu maalumu, na itumike kwa uangalizi, panapotakiwa kipimo cha umeme wa moyo au cha potasiamu.

8. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunawasilisha istilahi zifuatazo zijadiliwe:

Athari ya dawa: badiliko lolote mwilini litokanalo na dawa.
Maudhi ya dawa: athari isiyokusudiwa inayohisiwa na kuvumilika.
Madhara ya dawa: athari iliyouharibu mwili au utendaji wake.
Hatari ya dawa: uwezekano wa dhara ambalo bado halijatokea.
Kasi ya mapigo: idadi ya mapigo ya moyo kwa dakika.
Mwendo wa mapigo: mpangilio wa pigo baada ya pigo.
Mvurugiko wa mapigo: kuharibika kwa mwendo kunakoonekana kwa kipimo.
Mpapo wa moyo: hisia ya mgonjwa ya moyo kudunda isivyo kawaida.
Muda wa QT: wakati wa kuamshwa na kutulia kwa vyumba vya chini vya moyo, kama unavyopimwa karatasini.

9. Hitimisho

Tukiyatumia maneno hayo, mhudumu anaweza kumwambia mgonjwa hivi: "Dawa hii ina maudhi machache: kinywa kitakauka na utapata usingizi. Vumilia, yatapungua. Iko pia hatari moja, ambayo ni nadra, ya mwendo wa mapigo kuvurugika, na hiyo huenda usiihisi. Kwa hiyo usizidishe vidonge, mwambie kila anayekupa dawa nyingine, hata ya malaria, kwamba unatumia hii, na ukizirai au ukipata mpapo wenye kizunguzungu, njoo siku hiyohiyo. Usiiache dawa kwa ghafla bila ya kutuuliza." Hakuna neno hata moja hapo linalohitaji mkalimani, na mgonjwa amekwisha kujua la kuvumilia, la kuogopa na la kutenda.

Tunawaomba madaktari, wauguzi, wafamasia na watangazaji wa redio waijaribu orodha hii kazini na kutuletea maoni yao. Baadhi ya maneno haya yatakataliwa, kama ilivyo kawaida ya istilahi, na mengine bora yatapatikana. Kwa sasa tungependa jambo moja lianze kutekelezwa pasipo kungoja kikao: usemi maudhi madogo madogo uondolewe katika kila ukurasa unaozungumzia dawa na mwendo wa mapigo ya moyo.